Vyanzo vya sheria na mahakama wilayani Same

Vyanzo vya sheria na mahakama wilayani Same ni sehemu ya mfumo wa sheria wa Tanzania Bara jinsi unavyofanya kazi katika wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro, yaani kwenye Upare ya kusini na tambarare zinazoizunguka. Same haina sheria zake yenyewe, isipokuwa sheria ndogo za halmashauri na za vijiji. Hata hivyo wilaya hii inafaa kutazamwa peke yake, kwa sababu ndani yake mila za Wapare, sheria za Bunge, dini mbili kubwa na maamuzi ya majaji hukutana juu ya shamba moja, mfereji mmoja au mirathi moja. Swali la kila siku si kama sheria ipo, bali ni ipi kati ya sheria hizo itatumika na nani ana mamlaka ya kulisema hilo.

Mfumo huu ni wa familia ya sheria iliyotoka Uingereza. Katika familia hiyo sheria haipatikani katika vitabu vya Bunge pekee. Hujengwa pia na majaji, kesi baada ya kesi, na uamuzi wa mahakama ya juu huzifunga mahakama zilizo chini yake.

Historia

Kabla ya ukoloni, mashauri ya Upareni yaliamuliwa na wazee wa ukoo na, kwa mambo makubwa zaidi, na mfumwa (chifu) pamoja na washauri wake. Wajerumani waliwaacha wenyeji chini ya maamuzi ya watawala wa wilaya na maakida. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walileta mifumo miwili iliyokwenda sambamba. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu na kuingiza sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kando yake kulikuwa na mabaraza ya machifu chini ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 na sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929. Chini ya sheria hiyo ya mwisho, rufaa ya mwenyeji haikwenda kwa jaji. Ilikwenda kwa mkuu wa jimbo na hatimaye kwa gavana, hivyo mtu aliyetawala ndiye aliyehukumu.

Ubaya wa mpangilio huo ulionekana Same kwenyewe. Katika miaka ya 1940 baraza la machifu wa Upare lilianzisha kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali ya mtu, ikapewa jina la mbiru, ambalo ni jina la kale la kitu kilichotolewa kwa chifu. Kwa serikali, jina hilo liliifanya kodi ionekane kama desturi. Wananchi waliona kwamba desturi imeazimwa jina tu, na kwamba kuchunguliwa na kukadiriwa mali ya kila nyumba halikuwa jambo la mila. Januari 1945 maelfu ya wanaume kutoka milimani walishuka wakakusanyika Same, makao ya wilaya, wakakataa kuondoka. Paulo Mashambo wa Mamba alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Baadaye wanawake wa Usangi, katika Upare ya kaskazini, nao waliandamana. Kodi hiyo iliondolewa kabla ya muongo kwisha. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtu wa Upare, aliandika kitabu juu ya tukio hilo mwaka 1971. Husomwa kama habari ya siasa, lakini ni habari ya chanzo cha sheria pia: nani ana haki ya kutamka kwamba jambo fulani ni mila?

Baada ya uhuru machifu walifutwa kwa sheria ya 1963. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo iliunganisha mifumo miwili kuwa mmoja: mahakama za wenyeji zikafa, zikazaliwa Mahakama za Mwanzo, na njia ya rufaa kutoka kijijini hadi kwa jaji ikafunguka. Sheria inayotumika sasa ni ya 1984.

Vyanzo vya sheria

Katiba ya 1977 iko juu ya vyote. Haki za binadamu ziliingizwa humo kwa marekebisho ya 1984, na kuanzia Machi 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 13 inakataza sheria ya kibaguzi, na ibara ya 107A inaifanya mahakama kuwa yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, ikitakiwa isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Sheria ya Bunge inaweza kupingwa kwa msingi huo. Ndivyo ilivyotokea kwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18: Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Sheria za Bunge ndizo nyingi. Baadhi zina asili ya mbali kuliko watumiaji wake wanavyodhani. Sheria ya mikataba, ya mwenendo wa madai na ya ushahidi zote zilifuata mifano ya India ya Waingereza. Ajabu zaidi, mirathi ya Mkristo ambayo haifuati mila bado huongozwa Tanzania Bara na sheria ya India ya mwaka 1865.

Sheria ya mapokeo ya Uingereza hutumika pale ambapo sheria za nchi zimenyamaza, tena kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Sharti hilo limo katika Sura ya 358 ya sheria za Tanzania, na tarehe ya 22 Julai 1920 bado imeandikwa humo. Uamuzi wa mahakama ya Uingereza uliotolewa baada ya siku hiyo unaweza kumshawishi jaji wa Moshi, lakini haumfungi.

Maamuzi ya mahakama za juu hufunga. Mwaka 1988, katika shauri la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mahakama za chini zinafungwa na uamuzi wake hata kama zinaona ulitolewa kwa kupitiwa. Hakimu wa Same hawezi kusema, "Majaji walikosea, nami nitakwenda njia nyingine." Mfano unaogusa nyumba nyingi ni wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983). Humo Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Sheria ya Ndoa ilisema "mchango" bila kueleza kwamba kupika na kulea kumo; majaji ndio waliosema, na tangu hapo ni sheria.

Mila hutumika katika madai kati ya watu wa jamii inayozifuata, mradi zisipingane na sheria iliyotungwa. Mwaka 1963 serikali iliandika kanuni za mila kwa ajili ya makabila ya ukoo wa baba na kuzitangaza katika wilaya mbalimbali. Wapare ni jamii ya namna hiyo. Kanuni ya 20 ya urithi inasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu bila kuwa na haki ya kuiuza, ila pasipokuwa na mwanamume wa ukoo huo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory iliyotoka Uhayani, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza sawa na mwanamume. Wengi huchukulia kwamba jambo lilikwisha hapo. Halikwisha. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, ilikiri kwamba kanuni za urithi zinabagua lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kubadili mila kwa amri ya mahakama. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa dosari ya nyaraka, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona Tanzania imekiuka wajibu wake. Kwa hiyo binti wa Upareni anayedai shamba la baba yake ana Katiba na uamuzi wa 1990 mkononi, na upande wa pili una kanuni ambayo bado imo kitabuni.

Sheria ya Kiislamu hutumika Bara katika ndoa, talaka, mirathi na wakfu za Waislamu. Hakuna mahakama za kadhi Bara kama zilizopo Zanzibar. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ndiye anayeitumia.

Sheria ya nani katika mirathi

Mirathi ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi vyanzo hivi vinavyogongana. Upare ya kusini ina Walutheri, Waislamu na Wasabato wengi, Wasabato wakiwa wameingia milimani mwanzoni mwa karne ya 20. Tuseme mwalimu Msabato wa Suji amefariki bila wosia, ameacha mjane, watoto, nyumba mjini na shamba la ukoo mlimani. Ndugu wa kiume hufungua shauri Mahakama ya Mwanzo wakisema mila itumike. Mjane husema marehemu alikuwa Mkristo.

Mahakama haitazami dini peke yake wala kabila peke yake. Hutazama namna marehemu alivyoishi: je, aliyaacha maisha ya kimila, au aliendelea kuyafuata akiwa Mkristo? Hutazama pia nia yake kama ilijulikana. Kipimo hiki hakikuanza jana. Kilitumika katika mirathi ya Innocent Mbilinyi mwaka 1969. Jibu lina uzito mara mbili, maana linaamua mgawanyo na pia mahakama. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Ikionekana kwamba marehemu hakuishi kimila, shauri zima lililofunguliwa huko linaweza kubatilishwa baada ya miaka, msimamizi akiwa amekwisha kugawa ng'ombe na pengine kuuza kiwanja.

Ngazi za mahakama

Mahakama ya Mwanzo ndiyo mahakama ya watu wengi. Hupokea madai madogo, ndoa, mirathi ya aina zilizotajwa, na makosa ya jinai yasiyo makubwa. Marekebisho ya 2016 yaliweka kikomo cha madai yake kuwa shilingi milioni 50 kwa mali isiyohamishika na milioni 30 kwa nyingine. Sheria ya 1984 ilipotungwa ilitaka hakimu akae na washauri wasiopungua wawili, wanaoitwa kwa kawaida wazee wa baraza. Hawa si mapambo: wana kura, na wakitofautiana na hakimu, wingi wa kura huamua. Jambo hilo lina maana Same, ambako hakimu huweza kuwa mtu wa Songea au Mara ambaye hajui masale yanapandwa kwa nini. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika mahakama hii. Katika miaka ya karibuni katazo hilo limelegezwa.

Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya, iliyoko Same mjini, ndani ya siku 30. Mahakama hiyo pia husikiliza mashauri yake yenyewe, na katika kesi ya mauaji ndiyo inayomkabidhi mshtakiwa kwenda Mahakama Kuu. Mahakama ya Hakimu Mkazi iko Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same. Hapohapo Moshi ndipo ilipo masijala ya Mahakama Kuu inayohudumia mkoa wa Kilimanjaro, na rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya huenda kwake, tena ndani ya siku 30.

Juu kabisa ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Iliundwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama yake ya rufani kufa pamoja nayo. Hutembelea kanda na kuketi Moshi na Arusha pia. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halifiki huko kwa urahisi: Mahakama Kuu sharti ithibitishe kwanza kwamba kuna hoja ya kisheria ndani yake. Ubishi juu ya nani alimkopesha nani mbuzi huishia Moshi.

Mashauri ya ardhi

Ardhi ina ngazi zake, zilizowekwa na sheria ya 2002, na hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka juu ya mgogoro wa ardhi. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, wanawake wakiwa angalau watatu, nalo husuluhisha tu. Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua hadi 2021, lilipopokonywa. Sasa nalo linasuluhisha. Likishindwa hutoa uthibitisho, na bila uthibitisho huo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri. Baraza hilo la wilaya liko Same. Kutoka hapo rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Njia ya mkato inayojaribiwa mara kwa mara ni kumshtaki jirani Mahakama ya Mwanzo kwa kuingia shambani kwa jinai. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya Sylivery Nkangaa dhidi ya Raphael Alberto (1992), msimamo ni kwamba shtaka hilo haliwezi kusimama iwapo umiliki wenyewe unabishaniwa. Mlalamikaji hurudishwa kwenye baraza la ardhi, akiwa amepoteza muda na nauli.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali kwa hati, na inabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au walemavu haki ya ardhi. Mwenye shamba anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Asiye nayo hutegemea ushahidi wa mdomo, makaburi ya wazee wake na mstari wa masale, mmea unaopandwa mpakani ambao kuung'oa ni aibu kabla ya kuwa kosa.

Maji ya ndiva

Katika vijiji vya mteremko kama Vudee na Bangalala maji ya mito hukusanywa usiku katika ndiva, mabwawa madogo ya udongo, na kufunguliwa mchana kwa zamu. Nyingi zilichimbwa na koo, na zamu zilipangwa na wazee wake. Kwa sheria, maji yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na matumizi yake husimamiwa kwa vibali na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 haikuifuta mila: haki ya jamii juu ya maji kwa desturi inatambuliwa kuwa na hadhi sawa na ya kibali. Kutambuliwa huko husaidia pale wanaogombana wote wako chini ya desturi moja. Kijiji cha chini kinapogombana na cha juu, ambacho mazao na koo zake ni nyingine, desturi ya yupi ndiyo desturi? Kwa vitendo, makubaliano kati ya wazee wa pande mbili yamefanya kazi kubwa kuliko hukumu.

Kesi ya Mkomazi

Shauri kubwa zaidi la ardhi lililotoka wilayani humu ni la Lekengere Faru Parutu Kamunyu na wenzake 52 dhidi ya Waziri wa Utalii, Maliasili na Mazingira na wengine. Pori la Akiba la Mkomazi, upande wa mashariki wa milima, lilitangazwa mwaka 1951, na wafugaji waliokuwamo waliendelea kukaa. Serikali iliwaondoa, na kufikia 1988 pori lilikuwa limetangazwa halina watu. Katikati ya miaka ya 1990 wafugaji 53 walifungua madai Mahakama Kuu Moshi, wakisema ardhi ilikuwa yao kwa mila.

Kisheria walikuwa na silaha nzuri. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia. Uamuzi huo uliifunga Mahakama Kuu. Mwaka 1998 wadai 38 walipewa shilingi 300,000 kila mmoja, na serikali ikaelekezwa kuwapatia ardhi mbadala. Wao walitaka kurudi Mkomazi, wakakata rufaa.

Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani iliwakatalia. Haikuikana kanuni ya Akonaay, ilishika ushahidi. Majaji walisema wadai walikuwa wageni katika eneo hilo na hawakuwa kabila la kwanza kuingia, kwa hiyo hawakuthibitisha haki ya asili ya kimila. Kipimo hiki kimelaumiwa sana na watafiti, na lawama hiyo ina nguvu: mfugaji anayehama na mvua hawezi kuonyesha masale wala migomba ya babu yake, na kumtaka athibitishe kwamba alitangulia kabila lolote jingine ni kumpima kwa mizani ya mkulima. Mahakama ilikuwa imeonyesha ugumu huo mapema, katika kesi ya NAFCO dhidi ya kijiji cha Mulbadaw (1985), ambako pia wadai walianguka katika kuthibitisha haki yao ya kimila. Mkomazi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Lugha

Mahakama ya Mwanzo imetumia Kiswahili tangu mwanzo, wakati hukumu za Mahakama Kuu na Rufani, ambazo ndizo zinazoifunga, ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyeshindwa Moshi alipokea karatasi asiyoweza kuisoma. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ya tafsiri: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikibaki pale haki inapokihitaji. Hukumu za Kiswahili zimeongezeka tangu hapo, na huwekwa kwenye intaneti pamoja na nyingine. Hukumu za zamani, zikiwamo karibu zote zilizotajwa katika makala hii, hazijatafsiriwa. Wazee wanaotoa ushahidi kwa Chasu bado huhitaji mkalimani, hata katika Mahakama ya Mwanzo.

Tazama pia

Wilaya ya Same
Milima ya Upare
Wapare
Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi
Mahakama ya Rufani ya Tanzania
Katiba ya Tanzania